Taya za Maka

Kama ulikaa Garissa miaka ile ya vita vya shifta, waasi wakipigana na serikali, na ulikuwa na mtoto anayeota meno, basi Maka binti Gelle alimtafunia mtoto wako, upende usipende. Alikuwa akipita zake tu. Akiona sahani ya nyama na mtoto anaidokoadokoa, alichuchumaa hapo hapo, kipande kikaingia mdomoni mwake, taya zikafanya kazi, kikatoka laini, kikaingia mdomoni mwa mtoto, na mama mwenyewe hajamaliza kusema karibu. Hakuomba ruhusa. Wala hakuna aliyemkatalia, maana Maka alikuwa bado na meno yake yote, meupe pe, aliyoyasugua kwa mswaki wa mti asubuhi, jioni, na kila alipokasirika. Na kukasirika, jamani, alikasirika.

Usije ukamwona mchafu. Watoto wa wafugaji waliachishwa maziwa hivyo tangu zamani, na Maka alikuwa na sababu yake zaidi ya desturi. Alizaliwa upande wa Kotile, kwa watu wa ng'ombe, na akiwa msichana mdogo ukame uliwachukua ng'ombe na ukamchukua mama yake. Akabaki na wadogo zake wawili wa kiume ambao hata magego hawakuwa nayo, na mfuko wa nyama kavu iliyokauka mpaka ikawa inagonga. Maka aliitafuna ile nyama kutwa nzima. Yeye anatafuna, wao wanameza. Mvua iliporudi, wale wadogo zake walikuwa hai, na taya za Maka zilikuwa zimetoka pembeni kama za mwanamume. Toka siku hizo alijua kwamba meno aliyopewa na Mungu hayakuwa yake peke yake.

Akaolewa, akamzaa Awil, akafiwa na mume. Awil alipokua na kuwa mchinjaji katika soko la Garissa, mama mtu akahamia mjini pamoja naye. Awil akaozwa Kinsi, msichana mpole asiyepandisha sauti, na huyo Kinsi ndiye aliyemzaa Amran.

Amran alizaliwa na mdomo uliopasuka upande wa kushoto, mpasuko ukapanda hadi puani, na ndani kaakaa nalo limeachana. Kila tone la maziwa lililoingia mdomoni lilitokea puani. Mama mmoja wa jirani alikuja kumwona mzazi, akachungulia, akashika mdomo, akanong'ona kwamba huo ni mdomo wa sungura.

"Sungura ni nani?" Maka akauliza kwa sauti ya kusikika sokoni. "Huyu ni mjukuu wangu. Ukitaka sungura, nenda porini ukamtafute."

Jirani akanywa chai yake haraka akaenda.

Nyumba nzima ilimlea yule mtoto kwa matone. Kinsi alimkalisha wima, Maka akadondosha maziwa kidogo kidogo kwa kijiko, Awil akapangusa pua. Daktari mmoja aliyekuja kwa ndege akaushona mdomo Amran akiwa bado mchanga. Kaakaa likashonewa Nairobi baadaye, na safari ile haikuwa mchezo, maana vita vilikuwa vimekwisha kuanza na malori yalikwenda kwa msafara, jeshi mbele, jeshi nyuma. Awil na Kinsi walirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Wakamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, wakampa kikombe cha maziwa. Maka akaitazama ile pua. Akaitazama tena. Pua kavu.

Alinyakua debe akalipiga kama ngoma, wanawake wakamiminika na vigelegele, kelele ikawa kubwa hata askari wa doria wakaja mbio na bunduki kuuliza kuna nini. Wakaambiwa maziwa hayatoki puani. Wakatazamana, wakarudi walikotoka.

Kila mtu alidhani shida imekwisha. Kumbe bado.

Amran hakujua kutafuna. Alikuwa mtoto mkubwa sasa, mwenye maneno mengi na ubishi wa kutosha, akimwita Maka "Ayeeyo, ayeeyo" kutwa nzima, maana ndivyo Wasomali wanavyomwita bibi. Lakini ukimpa nyama anaiweka shavuni, anakaa nayo, anakutazama. Anangoja. Na nyumba ile hakuna aliyemngojesha. Maka alimtafunia asubuhi, Kinsi mchana, Awil akimpeleka buchani alimtafunia maini huku anakata nyama za wateja. Wageni nao wakajifunza. Ikawa kumtafunia Amran ndiyo njia ya kuonyesha kwamba unampenda, na nani alitaka kuonekana hampendi? Binti wa mchinjaji, mzuri, kovu limebaki uzi mwembamba juu ya mdomo, na hajawahi kutafuna kipande cha nyama yake mwenyewe. Waliona ni deko tu. Hata hivyo maziwa yalikuwepo, na maziwa hayahitaji meno.

Ndipo amri ikatoka serikalini kwamba mifugo isichungwe mbali. Watu wakakusanywa karibu na vituo, ng'ombe wakarundikwa pamoja, malisho yakaliwa mpaka mizizi, na ng'ombe mwenye njaa hatoi maziwa. Wanawake waliokuwa wakija sokoni na vibuyu vimejaa wakaanza kuja na nusu, kisha robo, kisha wakaja kuuliza nani anayo. Nyama ilikuwepo, Awil alichinja kila siku kwa sababu watu walichinja kabla ng'ombe hawajafa wenyewe. Mahindi ya msaada yalikuwepo, magumu, meupe, ya kuchemshwa nusu siku. Kilichokosekana ni kile kimoja tu ambacho Amran alikijua. Kinsi alipomvua mtoto nguo kumwogesha, mifupa ya mabega ilionekana. Ng'ombe mmoja tu wa Awil alikuwa bado anakamuliwa, naye alikuwa anapunguza.

Maka akatafuna kwa bidii zaidi. Alitafuna nyama, akatafuna hata mahindi, mpaka taya zikamuuma kwa mara ya kwanza maishani mwake. Amran alimeza kidogo, akageuza uso, akaomba maziwa.

Basi wakampeleka hospitali, na huko wakamkuta Sista Zilpah Wanjugu. Huyu alikuwa muuguzi kutoka Nyeri, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha wodi, aliyekuja Garissa kwa uhamisho na kuamua kwamba kama amekwisha kuja, basi atapapenda. Alimkalisha Amran juu ya meza. Akafungua mdomo wake kwa upole, akaangalia kaakaa kwa tochi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akafanya jambo ambalo Maka hakuwahi kuona daktari akilifanya. Aliweka vidole viwili kwenye mapanja ya mtoto, pale kati ya jicho na sikio, akamwambia, "Uma meno. Achia. Uma tena." Akashusha vidole hadi pembeni mwa taya, akarudia.

Kisha akamgeukia Maka. "Nyanya, samahani, hebu nikuguse na wewe."

Maka akauma meno. Msuli ukapanda chini ya vidole vya Zilpah, mgumu, mkubwa. Zilpah akaangua kicheko cha furaha. "Aisee! Na mimi nilidhani baba yangu ndiye mwenye taya!"

Maka akavimba kwa fahari. Zilpah akachukua kidole cha Maka mwenyewe akakiweka kwenye shavu la Amran, upande wa kulia. Kitu kilisogea, kidogo. Akakiweka upande wa kushoto, upande wa mpasuko. Hapakuwa na kitu. Palikuwa laini kama andazi.

"Mshono ni mzuri," Zilpah akasema. "Hakuna cha kushona tena. Iliyobaki ni misuli. Hiyo ndiyo inayovuta taya. Watoto waliozaliwa hivi, misuli yao huwa dhaifu, na upande mmoja unamwachia mwenzake kazi. Sasa inataka kuzoezwa. Niambie, nani anamtafunia?"

"Mimi," akajibu Maka, akijua anasifiwa.

"Acha."

Benchi lote la wagonjwa likageuka.

"Sista Zilba," Maka akasema, na Kiswahili chake kikashika moto, "wewe nasema nini? Mimi natafunia watoto tangu wewe hajazaliwa. Watoto ya hii mji yote, hii meno ndiyo nalea."

"Najua, nyanya. Na wale walikuwa na misuli yao, ukiwatafunia leo, kesho wanakupokonya nyama. Huyu hakuwa nayo. Umefanya kazi yake yote, ya kwako imenona, ya kwake imelala. Maziwa yanaisha. Utamtafunia mahindi mpaka lini? Na ukifa?"

"Mimi hafi."

"Haya, usife! Siku akiolewa utaenda naye? Bwana harusi anakula upande huu, wewe upande huu unatafuna?"

Benchi lilivunjika mbavu. Hata Kinsi, Kinsi yule mpole, alijificha uso kwa shali na mabega yakawa yanatikisika. Maka akamnyanyua mjukuu wake, akatoka bila kuaga, akaenda njia nzima akizungumza peke yake kwa Kisomali maneno ambayo afadhali Zilpah hakuyaelewa.

Lakini mchana ule, Amran alipolala, Maka aliketi kando yake. Akaweka kidole kwenye panja lake mwenyewe akauma meno. Akaweka kidole kwenye panja la mtoto. Akashusha hadi shavuni, upande wa kushoto, pale pa laini. Aliwaza kila kipande alichokitafuna kwa miaka yote hiyo, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na kila kimoja kilikuwa kimemnyang'anya mtoto kitu. Maka alilia. Alilia kwa hasira kwanza, kisha akalia kwa uchungu wa kweli, akijifuta kwa upindo wa gauni ili Kinsi asione. Kinsi aliona.

Jioni akawaita wote. "Kuanzia leo hakuna mtu wa kumtafunia Amran. Si mimi, si nyinyi, si mgeni. Atakayethubutu, tutaonana mimi na yeye."

Lo! Ilikuwa rahisi kusema. Wakati wa kula Amran aliweka nyama shavuni, akamtazama bibi yake, akangoja. Maka akatazama ukuta. Mtoto akaitoa ile nyama, akamnyooshea mkononi, kama alivyozoea. Maka akatikisa kichwa. Macho ya Amran yakajaa.

"Ayeeyo, umenikasirikia?"

Maka akainuka akatoka nje. Alisugua meno kwa mswaki mpaka mswaki ukawa nyuzi nyuzi. Alipenda kurudi ndani akamtafunie ng'ombe mzima. Akapiga moyo konde, akabaki nje.

Kesho yake alipita buchani akamwona Awil ameligeuzia soko mgongo, shavu limetuna, Amran amesimama mbele yake kinywa wazi.

"Toa hiyo!"

"Ni yangu, mama," Awil akasema kwa taabu.

"Yako? Basi meza."

Mchinjaji mzima, mwenye kisu mkononi na wateja wanangoja, akakimeza kipande kilivyo na macho yakamtoka. Wateja wakampiga mgongoni. Tangu siku hiyo Awil alitii.

Maka alirudi hospitali peke yake. Hakuomba msamaha, hiyo haikuwa tabia yake, lakini alimpelekea Zilpah kipande cha nyama ya mbavu na akakaa. Zilpah akasema mtoto aanze na kitu kinachokaa mdomoni bila kuisha, asichokiogopa, akigeuze upande huu na upande huu, hasa upande uliolala. Maka akafikiri. Kisha akajipiga paja. Ubani! Utoto wake wote wa kuchunga ndama alikuwa na donge la ubani mdomoni, ule utomvu unaoganda kwenye magome, mchungu mwanzo, halafu unalainika na unakaa kutwa. Lakini sokoni ubani ulikuwa umekwisha, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa tena kwenda porini kuuokota.

Asubuhi Maka alisimama kwenye kizuizi cha barabara, nyuma yake foleni ya watu na punda. Askari wa zamu aliitwa Lazarus, mtu wa bara, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa miti ya ubani."

"Kufanya nini?"

"Kutafuna."

"Mama, huko nje watu wanapigana risasi, wewe unafuata kitu cha kutafuna?"

Maka akamtazama juu mpaka chini. "Inama."

Haijulikani kwa nini Lazarus aliinama. Labda alikuwa na bibi nyumbani mwenye sauti kama hiyo. Aliinama, bunduki begani, na yule mama akamwekea vidole kwenye mapanja mbele ya kadamnasi.

"Uma meno."

Lazarus akauma.

"Achia. Uma tena. Sawa. Hii kitu yako ngumu kama mawe. Sasa ya mjukuu yangu iko kama mandazi." Akamweleza yote, mpasuko, sindano ya Nairobi, maziwa yanayokwisha, akimshika mashavu kila alipotaka kumwonyesha jambo. Foleni ilikuwa inacheka mpaka punda wakaanza kulia. Lazarus hakucheka. Alivua kofia.

"Kwetu kulikuwa na jirani mwenye mdomo huo," akasema. "Yeye hakushonwa. Hakuwahi kula na watu."

Akamwambia asitoke kwa mguu, ila gari la doria linapita huko, angoje. Siku ile doria ilirudi na Maka amekaa nyuma kati ya askari, shali lake limejaa ubani, na Lazarus akikabidhi zamu huku shavu linakwenda juu chini. Mkubwa wake akamuuliza anakula nini kazini. Akajibu kwamba hali, anafanya mazoezi.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Maka na Amran walikaa uso kwa uso juu ya mkeka, kila mmoja na donge la ubani mdomoni, vidole vya bibi kwenye mapanja ya mjukuu, vidole vya mjukuu kwenye mapanja ya bibi. Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto. Mwanzo upande wa kushoto ulinuna kabisa, ubani ukakimbilia kulia kila ulipopata nafasi, na Amran akakunja uso kwa uchungu wake. Maka naye akakunja uso. Amran akachomoa ulimi. Bibi mtu akachomoa wake, na ubani juu. Watoto wa jirani wakaja kuchungulia, wakaomba ubani, ikawa bulla nzima, mtaa wote, inashikana mapanja, hata wazee waliotoka msikitini walionekana wakijipapasa mashavu kwa siri. Zilpah alipita baada ya kazi, akajaribu ubani, akautema, akasema ladha yake ni kama sabuni, kisha akaomba mwingine.

Na siku moja Maka alihisi kitu chini ya kidole chake cha upande wa kushoto. Kidogo, kama panya anayegeuka usingizini. Aliacha kutafuna. Akamwambia mtoto aume tena. Kikapanda tena. Maka hakupiga debe. Alikaa kimya, kidole pale pale, akimshukuru Mungu ndani kwa ndani.

Tatizo likabaki moja, nalo ndilo lililomnyima usingizi. Ubani mtoto anatafuna vizuri sasa, pande zote mbili. Chakula hapana. Nyama akiipata anaiweka shavuni, anakaa nayo, anamtazama bibi yake kwa macho ya kuuliza, kisha anaitema pembeni. Uji mwepesi na maziwa yaliyobaki ndivyo vilivyomshikilia, na mikono yake ilikuwa imekonda.

"Misuli ipo," Zilpah akasema, akimgusa. "Sasa sijui anangoja nini."

Ramadhani ikapita. Asubuhi ya Idd Awil alikwenda kwa ng'ombe wake akarudi na kibuyu, akakigeuza chini juu mbele ya Kinsi. Hakikutoka hata tone. Kinsi akavaa nguo yake mpya akatabasamu kwa wageni, lakini Maka alimwona akipanga vikombe vya chai ya rangi, akivipangua, akivipanga tena.

Watu wakajaa. Zilpah alialikwa, akaja na kitambaa kichwani kwa heshima ya sikukuu. Awil akaleta nyirinyiri aliyoitengeneza mwenyewe, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa katika samli mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Ndicho chakula cha safari, kinakaa miezi, na ukitaka kukila, meno yako yajiandae. Sahani ikazunguka. Ilipofika kwa Amran, hakuna aliyemkaribisha. Walikuwa wamechoka kumwona akitema.

Amran akachukua kipande mwenyewe.

Akakiweka mdomoni. Shavuni, upande wa kushoto, na Maka akafumba macho, akajua kinachofuata. Alipofumbua, taya za mtoto zilikuwa zinakwenda. Polepole. Zikasimama, zikaenda tena. Amran amekunja paji la uso kwa bidii, kipande kimevuka kulia, kimerudi kushoto, na pale kwenye panja lake ngozi inapanda na kushuka, wazi, hata mtu aliyekaa mlangoni aliona. Zilpah akashika mkono wa Kinsi. Awil, sahani mkononi, akawa anatafuna pamoja naye na mdomo mtupu.

Akatafuna, akatafuna. Watu wakangoja ameze.

Amran akainama, akakitoa kile kipande, akakiweka kiganjani.

Kinsi alitoa sauti ndogo. Awil akaangalia chini. Maka akawaza, basi, imeshindikana, maziwa hakuna na imeshindikana.

Lakini Amran hakukitupa. Alisimama, akapita katikati ya wageni na nguo yake ya sikukuu, kiganja amekishika kwa mkono wa pili kisianguke, akafika mbele ya bibi yake.

"Ayeeyo, fungua mdomo."

Maka hakuelewa.

"Nimekutafunia," Amran akasema. "Usinikasirikie tena."

Kumbe ndicho alichokuwa akikingoja siku zote hizo. Katika nyumba ile, anayekupenda ndiye anayekutafunia, na bibi yake ghafla aliacha. Angemeza vipi chakula cha mtu aliyekosana naye?

Maka, aliyewatafunia watoto wa mji mzima na hakuwahi kutafuniwa na mtu tangu mama yake afe, alifungua mdomo. Mtoto akamweka nyama juu ya ulimi.

"Sijakukasirikia," Maka akasema alipoweza. "Wallahi, hata siku moja. Sasa kula chako."

"Umepoa?"

"Nimepoa."

Amran akamtazama usoni kuhakikisha. Kisha akarudi kwenye sahani, akachukua kipande kingine, akakitafuna akiwa amesimama, kulia, kushoto, kulia, shingo ikanyooka, akameza. Akaachama ili wote waone hakuna kitu. Akanyoosha mkono kuchukua cha tatu.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, sikwambii. Awil alimbeba binti yake juu, samli ikampaka kanzu nyeupe na hakujali. Zilpah alikuwa akilia na kucheka, akisema, "Na mimi je? Mimi nani atanitafunia?" Amran akamtafunia, kwa sababu hakuwa mtoto mchoyo, na Sista Zilpah Wanjugu wa Nyeri akafumba macho akameza, wanawake wakamshangilia kuliko bibi harusi. Kinsi alikuwa amekaa chini, kibuyu kitupu mapajani, anacheka kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

Askari wa doria wakaja mbio tena na bunduki. Aliyetangulia alikuwa Lazarus.

"Kuna nini humu?"

"Nyama imepita!" watu wakamjibu.

Lazarus akaelewa mara moja. Akavua kofia, akaletewa sahani, akatafuna nyirinyiri mlangoni huku akiwaeleza wenzake, vidole kwenye mapanja, jambo hilo linavyofanya kazi.

Maka peke yake hakupiga kelele. Alikuwa amekaa pale pale, kile kipande bado kimo mdomoni mwake. Kilikuwa kimekwisha kulainika, hakikuhitaji meno, kilihitaji kumezwa tu. Alikitafuna hivyo hivyo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, akakitafuna kwa muda mrefu, machozi yakimteremka kwenye zile taya.